Mipira ya gari inayovuta boti: upepo ndio unaobeba

Karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, hapa visiwani ni kitu cha kuoneshana kwa kidole. Tunachovuta sisi ni boti: faiba ya futi ishirini juu ya tela la ekseli moja, nyuma ya pikapu ambayo asubuhi ilitoka sokoni na mikungu ya ndizi. Hesabu ya mipira ni ile ile ya karavani, na kosa ni lile lile. Watu huuliza "nitie upepo ngapi?" kabla ya kujua kila mpira umebebeshwa kilo ngapi.

Mzigo unabebwa na upepo. Mpira ni mfuko wa kuufungia.

Soma ubavuni. Tuchukue 205R16C 110/108, saizi inayovaliwa na pikapu nyingi za Hilux. C ni alama ya mpira wa gari ya kazi. 110 ni namba ya mzigo, nayo maana yake kilo 1,060 kwa mpira mmoja. 108, kilo 1,000, ni pale mipira inapofungwa miwili miwili kama nyuma ya Canter. Lakini kilo 1,060 hizo ni kwa upepo kamili wa 450 kPa, yaani psi 65. Ukiutia 32 umelipia mpira wa kilo elfu na unautumia nusu yake na kidogo. Ukiutia 65 gari ikiwa tupu, nako ni kosa: mpira unadunda, unagusa lami kwa katikati tu, na breki siku ya mvua zinateleza. Ile 65 ni mwisho wake, haikuandikwa pale iwe agizo.

Kwa wenye Noah, RAV4 na nyengine za namna hiyo, mtego uko kwenye neno XL, yaani mpira wa mzigo wa ziada. Mpira wa 195/65R15 wa kawaida una namba 91, kilo 615. Wa XL una 95, kilo 690, ila kilo hizo unazipata ukiutia psi 42. Ukiutia upepo ule ule wa zamani hukupata nguvu yoyote ya ziada. Umebadilisha maandishi tu.

Sasa uzito. Tuseme faiba tupu ni kilo 650, mashine 110, petroli lita 60 ambazo ni kama kilo 45, nanga na kamba na maboya kilo 45 nyengine, tela lenyewe 350. Jumla 1,200. Katika hizo, asilimia 5 hadi 10 ziangukie mbele, kwenye kile kidonge cha chuma kinachoshika tela nyuma ya gari. Tuchukue kilo 90. Kuzipima hakuhitaji karakana: egesha pahala tambarare, weka mizani ya kupimia watu chini ya mkono wa tela, simamisha juu yake kipande cha mti chenye kimo cha kufikisha mkono usawa wa kidonge, teremsha taratibu, soma. Zuia magurudumu kwa mawe kwanza. Ikiwa mizani yako inaishia 150, usiidondoshee tela kwa kishindo.

Kilo 90 hizo hazifiki kwenye ekseli ya nyuma zikiwa 90. Kidonge kiko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli, na Hilux ya milango minne ina karibu mita 3.1 kati ya ekseli mbili. Inakuwa kama mtaimbo juu ya jiwe: 90 mara 4.3, gawa kwa 3.1, unapata kama 125 kwenye ekseli ya nyuma, na ya mbele inanyanyuliwa kilo 35. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi. Kama ekseli ya nyuma ilikuwa na kilo 1,150 pamoja na watu na mzigo wa bodi, sasa ni 1,275, kila mpira kama 640.

Kupata upepo: chukua kilo halisi, gawa kwa kilo za namba ya mzigo, zidisha kwa psi kamili. 640 gawa kwa 1,060, mara 65, ni 39. Ongeza 3, tia 42 nyuma. Njia hii inaelemea upande wa salama, maana kwa upepo wa chini mpira hubeba zaidi kidogo ya hesabu inavyoonesha. Usishuke chini ya upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa. Gawa kwa 6.9 upate psi, kwa hivyo 240 ni 35. Mipira ya mbele iache kama kibandiko kinavyosema. Kuipandisha ilhali mbele pamepungua uzito ni kuongeza wepesi juu ya wepesi.

Tela ndipo penye aibu kubwa zaidi. Limebakiwa na kilo 1,110, kila mpira 555. Halafu unakuta limevalishwa 175/70R13 iliyotoka kwenye gari ndogo, namba 82, kilo 475. Hapo hakuna upepo wa kuokoa kitu. Mpira umezidiwa kilo 80 tangu uani. Unapinda, unapata moto, na kashata zinabanduka kwa pande kabla hata hazijalika. Tafuta 185R14C yenye 102, kilo 850 kwa psi 65. Kwa hesabu ile ile inakuja 42 na kitu. Mimi ningetia 45.

Na samaki wakipatikana hesabu inageuka. Madeli yaliyojaa barafu yakiwekwa tezi, nyuma ya boti, yale 90 ya mbele yanakuwa 30, na tela linaanza kutikisa mkia kwenye mteremko. Wengi hulaumu mipira. Hamishia madeli omo, mbele ya boti, au angalau juu ya ekseli. Mipira laini ya nyuma ya gari nayo huongeza kuyumba, kwa sababu ubavu unacheza kulia na kushoto. Likishaanza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki kwa pupa.

Pima upepo alfajiri, gari imelala na jua halijaupiga upande mmoja. Nunua geji yako mwenyewe, maana ile ya kwa fundi imeanguka chini mara ngapi hajui hata yeye. Ukifika Nungwi kutoka mjini, pima tena bila kupunguza kitu. Kupanda kwa psi 4 hadi 6 ni kawaida. Ukikuta umepanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo au mzigo umezidi, na dawa yake ni kuongeza kesho asubuhi. Kuutoa ukiwa wa moto kunauzidishia ugonjwa. Mpira mmoja wa tela ukiwa wa moto kuliko mwenzake, gusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Huenda beringi ndiyo inayokufa, na mpira unapewa lawama za bure. Kitovu cha moto pia usikitumbukize baharini papo hapo: hewa iliyomo husinyaa ikivuta maji ya chumvi hadi kwenye grisi. Kiache nusu saa kipoe.

Pwani ni mambo mengine. Kwenye mchanga mkavu wa juu, shusha gari hadi 18 au 20 na tela hadi 25, uwe chini ya kilomita 20 kwa saa na usikate kona kwa ghafla, kwani mpira laini huchomoka kwenye rimu. Mchanga mbichi chini ya mstari wa maji ni mgumu zaidi, lakini unapokanyagwa mara ya tatu pahala pale pale huanza kulegea. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa hupanda karibu mita nzima kwa saa. Kwa hivyo aliyekwama asizungushe magurudumu. Afungue tela, atoe gari kwanza, kisha alivute tela kwa kamba akiwa pakavu. Na kabla ya kurudi lami, upepo urudi wote. Kompresa ndogo ya kubana moja kwa moja kwenye betri inatosha. Ya kuchomeka kwenye tundu la sigara huunguza fyuzi.

Ukipita njia za maweni, upande wa Kizimkazi na Makunduchi, jiwe la matumbawe hukata ubavu kama msumeno. Ubavu uliokatwa hauzibwi, hata fundi akikuapia. Tundu la msumari katikati ya kashata lizibwe kwa kiraka cha ndani. Ile kamba ya kupenyezwa kwa nje ni ya kukufikisha nyumbani bila boti.

Mipira ya tela haimalizwi na lami, inamalizwa na jua. Tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ya mtumba huja na kashata zinazong'ara na umri wa skuli ya msingi. Ikipita miaka sita, ikague kila mwaka kwa nyufa ndogo ubavuni na kati ya kashata. Ikifika kumi itupe, hata kama haijatembea. Tela likikaa msimu mzima, linyanyue juu ya magogo na ifunike mipira kwa gunia. Valvu fupi ya mpira badilisha kila unapobadilisha tairi, na ujue mwisho wake ni psi 65. Suuza rimu kwa maji baridi kila utokapo baharini, khasa pale mpira unapokaa, kwa sababu kutu ya hapo ndiyo inayovujisha upepo usiku bila tundu kuonekana.

Spea ya gari mara nyingi haiingii kwenye tela, matundu ya nati hayalingani. Beba mbili, na jeki inayofika chini ya ekseli ya tela mpira ukiwa umeishiwa kabisa, ijaribu uani. Nati za M12, yaani za unene wa milimita 12, kaza Nm 100 hadi 115 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), kisha rudia baada ya kilomita 50, khasa kama rimu imepakwa rangi mpya: rangi husagika chini ya nati na nati inabaki na nafasi ya kulegea.