Siri ya ndoa katika parseli yenye watu wengi

Hadithi za taharuki zinazojengwa juu ya siri za mume na mke zimenishika kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba nyingi zimeandikwa kwa ajili ya nyumba zisizofanana na zetu. Humo wanandoa huishi peke yao mahali palipojitenga, majirani wako mbali, na upweke wenyewe ndio unaotia hofu. Mtu anayetaka kuandika hadithi ya namna hiyo kutoka mitaa ya Katuba au Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, hawezi kuuazima upweke huo, kwa sababu katika parseli moja, yaani kiwanja chenye nyumba na ua, hukaa mume, mke, watoto, mama mkwe, mpwa aliyekuja kusoma na mpangaji wa chumba cha nyuma. Kwetu siri ya ndoa huwapitia watu wengi kabla ya kumfikia yule inayemhusu.

Nadhani hapo ndipo ulipo utajiri wetu. Mwaka 1962, akihojiwa na mwongozaji filamu Mfaransa François Truffaut, Alfred Hitchcock, bingwa wa filamu za taharuki, alitoa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka kwa sekunde 15 tu, lakini akijua tangu awali kwamba lipo, hata maongezi ya kawaida ya walioketi pale humpa taharuki ya dakika 15. Katika nyumba zetu anayejua habari za bomu ni dada wa mume au msichana wa kazi, naye anakula pamoja na wenyewe.

Chukua mume anayefanya kazi mgodini Kolwezi, umbali wa kilometa zipatazo 300, ambaye hurudi nyumbani kila baada ya majuma kadhaa. Kazi hiyo inampa kila kitu anachohitaji mwenye siri: sababu ya kutokuwapo, simu isiyopatikana zamu ya usiku, na mshahara unaoweza kupunguzwa kabla haujafika kwa mkewe. Siku moja mke anafua ovaroli la mumewe na kukuta mfukoni karatasi ya duka la dawa la Kolwezi, imeandikwa dawa ya maji ya homa ya mtoto, ilhali kitindamimba wao yuko chuo kikuu. Anaikunja karatasi ile, anaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, kisha anasonga bukari (ugali), anapakua sombe (kisamvu) na kumnawisha mumewe mikono kama kawaida. Anapoinua macho anamwona mama mkwe akimtazama, si kwa mshangao, bali kwa wasiwasi wa mtu ambaye amekuwa akiingojea siku hiyo. Mwandishi akifika hapo hahitaji kisu wala maiti.

Waandishi wengi wangekimbilia wivu, nao una nafasi yake, lakini mimi ningekaa zaidi kwenye sheria, kwa maana ndiyo inayoifanya karatasi ile kuwa nzito. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, hairuhusu mtu kufunga ndoa nyingine kabla ile ya kwanza haijavunjika. Hata hivyo, mtoto wa nje ambaye baba alimtambua kisheria kabla ya kufa anaingia katika daraja la kwanza la warithi pamoja na watoto wa ndoa, na daraja hilo huchukua robo tatu ya urithi. Mjane yuko katika daraja la pili. Mtoto yule hana kosa lolote, na ni haki kabisa alindwe, na kwa sababu hiyo msomaji anakosa mtu wa kumchukia kirahisi.

Marekebisho hayohayo ya 2016 yalimwondolea mke sharti la kuomba idhini ya mumewe ili atende jambo la kisheria. Basi ningempa mke naye siri yake: fedha za likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana kwa zamu, alizoziweka kidogo kidogo, na parseli aliyoinunua kwa jina lake bila kumwambia mtu nyumbani. Wawili hao wangelala kitanda kimoja, kila mmoja akiilinda nyumba ya pili.

Simulizi ningemkabidhi mama mkwe, anayempenda mwanawe na amelishwa na mkwewe kwa miaka yote hiyo, kwa kuwa yeye ndiye anayelazimika kuchagua. Na mwisho wake haungekuwa kituo cha polisi. Ungekuwa kikao cha familia, pale ambapo wazee wamekwisha kukubaliana faraghani kuhusu mambo yatakayosemwa na yatakayofunikwa, hadi mama huyo anapoomba nafasi ya kuzungumza.