Lafudhi haitoki kwa lugha mama peke yake

Wengi huamini kwamba lafudhi ni alama ya lugha mama: ukikua na Kiswahili, kila lugha utakayojifunza utaitamka Kiswahili-Kiswahili. Mimi siamini tena, na kilichonibadilisha ni Kihispania.

Ukitazama sauti zake, Kihispania kingetupokea vizuri. Irabu ni zilezile tano, a e i o u, safi, hazivutwi. Neno likiishia na irabu, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: zapato, ventana, camino, sawa na kiatu na dirisha. Hata r ya pero ulimi wetu unaijua. Lakini mwalimu aliponisikiliza nikisoma kwa sauti, aliniuliza kama nimelelewa kwa Kiingereza. No yangu ilimalizikia kwenye u. T ya tomate ilitoka na mpumuo, ule upepo unaokupiga ukiweka kiganja mbele ya midomo, na Kihispania hakina upepo huo. Maneno yanayofanana na ya Kiingereza ndiyo yaliyonaswa zaidi: animal nililikazia mwanzoni, ilhali mkazo wake uko mwishoni.

Mdomo ukiambiwa useme kigeni, hushika kigeni ulichokwisha kukizoea. Lugha mama inawekwa kando kwa sababu tunaihisi ni ya nyumbani mno, hata pale ambapo ndiyo ingetufaa.

Nilifarijika kusoma habari za Sarah Williams, mtafiti wa lugha. Lugha yake ya kwanza ni Kiingereza, akajua Kijerumani vizuri, kisha akaanza Kiswidi. Yeye na mwanaisimu Björn Hammarberg walichunguza rekodi za usemaji wake huo, wakachapisha matokeo miaka ya 1990. Waliosikiliza rekodi za mwanzo walisikia Kijerumani ndani ya Kiswidi chake. Katika zile za baadaye, alipokwisha kukizoea, wakasikia Kiingereza. Yaani lugha ya pili ilitangulia, na ya kwanza ikajitokeza baadaye!

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kufungua Kihispania, nasoma aya nzima ya Kiswahili kwa sauti, taratibu, halafu naingia papo hapo bila kupitia neno lolote la Kiingereza, hata kwenye kamusi. Irabu zilitulia upesi. Mkazo nao umeanza kukaa. Mpumuo ndio mkaidi, hasa nikiongea haraka, na rr ya perro, ile inayotetemesha ulimi, nimeitengea mazoezi yake yenyewe.