Siku moja na nukta nundu: hapana, si kubadilisha fonti

Saa 2:00 asubuhi. Kazi inaanza kwa kusoma malalamiko. Leo lipo moja tu, la mteja wa Windows: "Ndugu, aya nzima inatoka herufi moja. Kwani ugumu uko wapi, si ni kubadilisha fonti tu?"

Hilo la fonti halishi kusikika. Katika nukta nundu (maandishi ya kuguswa ya wasioona) ya Kiingereza iliyofupishwa, neno "knowledge" likisimama peke yake linaandikwa k, na "the" inaingia kwenye seli moja, yaani kisanduku cha nukta sita: nukta za 2, 3, 4 na 6. Tarakimu hutanguliwa na nukta 3456, herufi kubwa na nukta 6. Kila lugha ina kanuni zake, na kanuni hizo zimewekwa kwenye majedwali ya Liblouis, maktaba huria ya C iliyoanza mwaka 2002. NVDA na Orca, programu zinazowasomea skrini wasioona, zinaitumia. Kazi yangu ni kuiingiza ndani ya kiendelezi cha LibreOffice Writer, programu ya kuandikia, ili mtu abonyeze kitufe kimoja apate maandishi ya kupeleka kwenye printa ya nukta nundu.

Saa 3:00. Leseni ya Liblouis: LGPL 2.1 au toleo jipya zaidi. liblouis.dll, yaani maktaba yenyewe kwa Windows, inakaa kama faili ya peke yake ndani ya furushi la kiendelezi (.oxt), pamoja na maandishi ya leseni. Hilo limekwisha.

Saa 3:30. Kwanza naitoa LibreOffice kwenye kesi. Naendesha zana ya maktaba yenyewe kwenye kompyuta ya Windows:

lou_translate --forward unicode.dis,en-ueb-g2.ctb

Aya ileile inatoka yote, kwa hiyo majedwali ni mazima. Wengi huishia kwenye majedwali: wananakili faili moja ya jedwali (.ctb) wakisahau kwamba ndani yake kuna include, yaani mistari inayoita faili nyingine. Beba folda nzima. Na ukitumia lou_setDataPath kuionyesha maktaba majedwali yalipo, ipe folda ya juu, maana yenyewe inaongeza liblouis/tables mbele. Njia inayotoka LibreOffice ni anwani ya file:/// yenye %20 badala ya nafasi; ipitishe kwanza kwenye uno.fileUrlToSystemPath. Tena ole wako folda ikiwa na mkato kwenye jina, kwa sababu orodha ya majedwali hutenganishwa kwa mkato.

Lakini jedwali likikosekana hupati kitu kabisa. Herufi moja ni ugonjwa mwingine.

Saa 5:00. Nakagua biti. Python inayokuja na LibreOffice hii ni ya biti 64, na DLL pia. Zingepishana, Windows ingekataa kuipakia na kutoa WinError 193. Kwa hiyo si hilo.

Kuanzia hapo mpaka alasiri ni kusoma daraja la ctypes, yaani msimbo wa Python unaoita maktaba ya C, mstari kwa mstari. Daraja nimelirithi, halina maelezo, na kwenye Linux halijawahi kulalamikiwa. Mteja naye anatuma "vipi?" kila baada ya muda. Mwishowe nachapisha baiti zenyewe kabla hazijaingia kwenye maktaba. Herufi K inaondoka hivi:

4B 00 00 00

Baiti 4. Naiuliza DLL kwa lou_charSize herufi moja ni baiti ngapi, inajibu 2. Basi inasoma 4B 00, inapata K. Inasoma 00 00 inayofuata, inapata sifuri, na kwake sifuri ni mwisho wa maandishi. Maktaba ya upande wa Linux ilijengwa kwa --enable-ucs4, herufi moja baiti 4, ndiyo maana huko mambo yalikuwa shwari miaka yote. Hakuna ujumbe wa hitilafu popote, na hicho ndicho kinachochosha: kila kipande kinaamini kimefanya kazi yake.

Kulitibu daraja kunawezekana: usimbaji wa utf-16-le kwa baiti 2, utf-32-le kwa baiti 4, na usiandike utf-16 tupu, kwa sababu Python itatanguliza alama ya FF FE ambayo jedwali haliijui. Urefu uhesabiwe kwa baiti kugawanya ukubwa wa herufi, maana emoji moja katika UTF-16 huhesabika mbili. Nafasi ya matokeo nayo iwe kubwa kuliko ya maandishi, la sivyo mwisho unakatwa.

Mimi nalifuta lote. Moduli ya Python iitwayo louis, inayokuja na maktaba, inafanya hayo yenyewe, na nafasi ya matokeo inaizidisha mara 8 au 12 kulingana na ukubwa wa herufi. Mistari mingi inaondoka, inaingia michache. Naondoa pia lou_free, inayofuta majedwali kwenye kumbukumbu, iliyokuwa ikiitwa baada ya kila aya. Ilikuwa inalazimisha majedwali yasomwe upya kila mara, halafu watu wanasema kiendelezi ni kizito. Mwito mmoja wakati wa kufunga unatosha.

Jioni, macho mazito, natuma furushi jipya. Jibu linarudi upesi: maandishi yote yanaonekana kwenye skrini, ila printa inatoa karatasi tupu. Hiyo ni unicode.dis: inatoa nukta za U+2800 na kuendelea, wakati printa yake inasubiri BRF, yaani herufi za kawaida za ASCII. Kwa faili ya kuchapa inawekwa en-us-brf.dis mahali pake, mistari inakatwa kwenye seli 40, ukurasa kwenye mistari 25. Namwandikia, "Kesho asubuhi, ndugu."