Mkasi wa Gedi

Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, shule ilitupeleka kutembea Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Kutoka Malindi mjini ni kama kilomita 16 tu, lakini nilikuwa sijawahi kutia mguu. Sisi wa karibu ndio huwa wa mwisho kufika.

Nyumba za pale zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake baada ya mwanaakiolojia James Kirkman kuanza kuchimba mwaka 1948: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Mkasi. Kuna na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lakini lililonikosesha usingizi ni neno moja la yule aliyetutembeza. Wareno waliingia na kutoka Malindi karibu miaka 100, tangu Vasco da Gama alipotia nanga 1498 mpaka walipohamia Mombasa 1593, na katika maandishi yao Gedi haimo. Mji wa mawe, una misikiti, una visima, una jumba la mfalme, wasiuone!

Wataalamu wana maelezo yao. Mimi, kwa akili ya miaka 16, niliona jibu ni moja: palikuwa na mtu aliyeuficha.

Tulikuwa tumepewa insha. Nikaandika kurasa 11 juu ya Mtazamaji, kiumbe aliyetumwa na watu wa nyota ya mbali aje kuishi Nyumba ya Mkasi kama fundi cherehani. Kazi yake kutazama na kupeleka habari kwao. Asimsaidie mtu, asimzuie mtu, na asijulikane.

Baada ya Alasiri nikamsomea babu barazani. Alikuwa akishona jarife, wavu wake wa kuvulia, na sindano yake haikusita hata mara moja mpaka nilipomaliza.

"Cherehani ya wapi zama hizo?" akaniuliza.

Nikafuta, nikaandika mshona kanzu.

"Na chakula, akila wapi?"

"Hali, babu. Hawana matumbo."

"Ramadhani jirani akimletea futari?"

"Anaimwaga kwa siri."

"Na sahani airudishe tupu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Akifiwa jirani?"

"Anajifungia ndani, asije akajulikana."

Babu akaiweka sindano chini. "Huyo hajajificha, mwanangu. Huyo kajipigia mbiu. Mtu hali, haziki, hana mjomba wala shangazi? Wiki haishi, mji mzima unamzungumza yeye."

Nilinuna. Nilidhani mzee haelewi hadithi za namna ile, kumbe alikuwa amezielewa kunishinda. Akanitolea habari za Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ujanani mwake, alipokuwa akiwauzia samaki Wataliano waliokuwa na majukwaa yao baharini ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, walirusha setilaiti ikaitwa Uhuru. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Babu habari za miale hakuwa nazo. Alichojua ni nani kati yao akipenda kamba, nani akilipa kwa wakati, na nani alikwenda kukaa peke yake ufuoni kila akipata barua.

"Wao wakitazama nyota," akasema, "sisi tukiwatazama wao."

Usiku ule niliwasha kandili nikaanza upya. Mtazamaji wa pili alikuwa na kazi kweli. Alijifunza kula kwa shida. Alirudisha sahani za majirani zikiwa na tende. Alichimba kaburi la mtoto wa nyumba ya pili, na siku hiyo habari aliyopeleka kwao ilikuwa fupi kuliko zote. Amri za kutoingilia zilimponyoka moja moja, bila yeye kujua ilianza ipi.

Mwalimu alinipa 9 kwa 20, na wino mwekundu juu yake: mada ilikuwa "Likizo Yangu". Sikuwa na la kujitetea.

Babu alitaka kuisikia yote. Nikamsomea mpaka mwisho, pale watu wa nyota walipokuja usiku kumrudisha fundi wao, naye akaondoka akauacha mkasi ndani, mpaka Kirkman alipokuja kuufukua. Mwisho ule niliupenda mno.

"Fundi aache mkasi wake?"

"Alikuwa na haraka, babu."

"Haraka gani." Akakata uzi kwa meno, akalikunjua jarife akitafuta tundu jingine. "Nyumba ile si yake. Ni ya jirani. Alimwazima."