Siku moja nyuma ya kamera ya ukumbi wa mihadhara

Saa 1:20 asubuhi

Ukumbi ni mtupu. Huu ndio wakati pekee ninaoweza kusogea kiti hadi kiti nikikagua kamera inaona nini. Kazi yangu ni kurekodi mihadhara ya chuo kikuu, na siku huanza kwa kubana picha: mhadhiri, ubao, skrini, basi. Kamera yetu hujigeuza yenyewe kumfuata anayetembea. Ikiachiwa, itamfuata mhadhiri hadi katikati ya viti na kuzoa nyuso za watu waliokuja kusoma, hawakuja kupigwa picha. Nimeiwekea mpaka kwenye meza ya mbele. Nakagua pia kioo cha dirisha, maana taa zikiwaka huakisi safu nzima ya viti. Nashusha pazia.

Saa 2:00

Mhadhiri wa kwanza anafika. Nambana maikrofoni kwenye kola, kisha nazima zile za dari. Watu huiogopa kamera kwa sababu inaonekana. Mimi naiogopa zaidi maikrofoni ya dari. Inanasa mnong'ono wa mtu anayemweleza jirani yake kwa nini hakufika wiki iliyopita, tena bila yeye kujua. Uso unaweza kutiwa ukungu na kazi ikaisha. Sauti humtambulisha mtu kwa wote waliosoma naye, na yale aliyoyasema yanabaki vilevile.

Mhadhiri anawatangazia kwamba kipindi kinarekodiwa, anawaonyesha taa nyekundu na kuwaambia kuwa asiyetaka kusikika anaweza kuandika swali lake kwenye karatasi. Kuna wakati tulitenga safu ya nyuma kwa wasiotaka kuonekana. Ilichukua muda kuona kosa lake: kukaa pale tu kulikuwa tangazo, na wenzao walianza kuulizana wanaficha nini. Sasa kamera haioni kiti chochote, kwa hiyo hakuna anayelazimika kujitenga.

Fomu za ridhaa zipo na wote hutia saini. Ila mwanafunzi anayesubiri alama kutoka kwa mtu yuleyule anayemkabidhi fomu, ana ujasiri gani wa kukataa? Ndiyo maana naona bora nisirekodi kitu kuliko kukirekodi halafu nitegemee saini.

Saa 4:15

Simu. Mhadhiri mwingine anaomba rekodi ya semina ya muhula uliopita aionyeshe kwa darasa jipya. Namwomba asubiri. Mhadhara ambamo anasikika yeye peke yake ningempa sasa hivi. Semina ni kitu kingine: wale vijana walizungumza mbele ya wenzao, hawakuzungumza mbele ya kundi la mwaka unaofuata. Marekani wana FERPA, sheria yao ya kulinda rekodi za wanafunzi, tangu 1974, na chini yake video inayomhusu mwanafunzi moja kwa moja, ikitunzwa na chuo, huhesabiwa kuwa rekodi yake ya elimu. Kwa Ulaya, GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ilianza kutumika Mei 2018, na sura na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa zake binafsi. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania 2022. Tunakubaliana nikate michango ya wanafunzi, abaki yeye na slaidi zake.

Saa 6:40 mchana

Semina imekwisha, nakunja nyaya. Msichana mmoja amebaki mlangoni mpaka wote watoke.

"Samahani kaka. Pale nilipoongea, itabaki?"

Najua anasema pale gani. Mjadala ulipopamba moto, aliutaja ugonjwa wake mwenyewe ili kuthibitisha hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zote za leo. Namwambia haitabaki. Simuulizi sababu, wala simtaki alete barua.

Saa 8:00

Kukata dakika mbili za video ni kazi ndogo. Kinachonichukua muda ni mabaki. Mwaka jana nilikata kipande kama hiki, nikaridhika, nikaenda nyumbani. Programu ya manukuu ilikuwa imeshaandika kila neno, na maandishi yale yalikuwa kwenye faili lake la pembeni. Ukitafuta neno, linakuja, pamoja na jina la mwanafunzi kama mhadhiri alivyolitamka. Aliyeligundua ni mwanafunzi mwenyewe. Sijalisahau lile jambo.

Kwa hiyo leo nakata video, nafungua manukuu na kufuta mistari yote, natengeneza upya picha ndogo ya utambulisho wa video, nafuta nakala iliyojihifadhi kwenye seva, kisha narudi kwenye memori kadi ya kamera. Kufuta faili kwa kawaida huondoa jina lake tu kwenye orodha. Data yenyewe hukaa hadi iandikwe juu yake. Naiandika juu.

Saa 9:30

Kijana mwenye usikivu hafifu anapita kuuliza kama manukuu ya asubuhi yako tayari. Yako tayari. Bila rekodi angekuwa anaazima daftari za wenzake, na wapo pia wanaougua na wanaofanya kazi za zamu. Kila ninaposikia mtu akisema kamera zing'olewe, namkumbuka huyu. Rekodi yake inamtosha bila uso wala siri ya mtu mwingine ndani yake.

Saa 11:00 jioni

Napitia viungo vya mtandaoni vya rekodi za leo. Kimoja kimewekwa kiasi kwamba yeyote aliye nacho anaweza kufungua. Nakibadilisha kiwe cha walioandikishwa kwenye somo, waingie kwa akaunti zao, na kifungwe muhula ukiisha. Namwandikia yule msichana: imetoka yote, na maandishi pia. Anajibu kwa neno moja, asante. Nazima kamera na kufunga mlango.