Ajenda zilizofuatana kama mbuzi

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa zabibu Hombolo, cheo nilichopewa kwa kosa moja tu: nilionekana na laptopu. Mihtasari ya vikao naiandika kwa maandishi matupu. Word niliiacha baada ya jedwali la michango kuvurugika kila nilipolifungua kwenye kompyuta ya steshenari, huku mbele ya jina la mtu kukiwa na deni la mwenzake. PDF haina michezo hiyo.

Anayegeuza maandishi hayo kuwa PDF ni Pandoc, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, profesa wa falsafa (haishangazi). Ila ili itoe PDF, kwa kawaida huitegemea LaTeX, programu ya kupanga kurasa, na LaTeX kamili hula gigabaiti kadhaa. Laptopu yangu ni ya mkono wa pili, sikutaka kuibebesha yote hayo. Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya kontena (kisanduku kilichotengwa na kompyuta yako), inakuletea Pandoc na LaTeX ya kiasi ndani ya kontena moja. Nililipakua kwa bando la usiku, nikalala. Amri yenyewe ni hii:

`docker run --rm -v "$(pwd):/data" -u $(id -u):$(id -g) pandoc/latex muhtasari.md -o muhtasari.pdf -V papersize=a4`

Hiyo `-v` ndiyo mlango wa kontena. Folda yako inaingilia hapo. Niliisahau, nikaambiwa faili halipo, nami nalitazama! Bila `-u`, PDF ilitoka ikiwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, si yangu; nilipotaka kuitoa upya, nikanyimwa ruhusa. Na usipotaja A4, unapangiwa karatasi ya Kimarekani, pana kidogo na fupi.

Haya yote niliyamaliza jioni moja. Kilichoniaibisha ni kingine. Ajenda nilikuwa nimeziandika moja moja, kila moja na mstari wake, chini tu ya neno "Ajenda". Sikuikagua PDF, nikachapisha nakala 14. Mama Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akanitazama.

"Katibu, mbona ajenda zimefuatana kama mbuzi wanaokwenda lamboni?"

Kweli, zote saba zilikuwa aya moja. Pandoc inataka mstari mtupu kabla ya orodha kuanza. Usipouacha, inadhani bado unaendelea na sentensi. Niliongeza huo mstari, nikarudi steshenari kuchapisha nakala nyingine 14, safari hii kwa hela yangu.