Mara ya sita

"Kaka, ukiizima ukaiwasha inapona."

Ujumbe wa kijana wetu mpya, kuhusu programu inayokuwa nzito, uliingia juzi usiku. Sijamaliza hata kuusoma, nikaisikia ile feni ya ghorofa ya tatu inavyokwaruza, na chai ya tangawizi imepoa kando ya kibodi. Mwaka 2020, mwisho wa mwezi.

Ilikuwa ripoti ya baki ya stoo, inayochotwa kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL. Asubuhi tawi la Kariakoo wanaipata kwa sekunde 4. Ikifika saa tano inachukua dakika 3, tena si kila mara: huyu inamgomea, jirani yake inamfungukia. Tukiwasha programu upya, sekunde 4. Nilimaliza dawa zote ninazozijua: VACUUM (kusafisha majedwali), ANALYZE (kuchukua takwimu mpya), indeksi (faharasa) mpya, kuongeza work_mem (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Nikaitoa kwiri, yaani ombi la data, kwenye logi, nikaibandikia namba ya tawi, nikaiendesha kwa mkono kwenye psql, dirisha la amri la PostgreSQL. Sekunde 4. Mara ishirini, sekunde 4 zilezile. Basi nikaandika kwamba tatizo ni mtandao wa tawi (Mungu anisamehe) na nikaweka mstari wa cron (kifaa cha kuendesha amri kwa saa maalumu) wa kuwasha programu upya saa sita mchana na saa kumi.

Aliyenishtua ni mama wa uhasibu wa Kariakoo, kwenye simu. "Mwanangu, hii kitu inachoka. Mara za kwanza haina neno. Nikishaizoea tu, inanigomea."

Nilicheka. Usiku nikabaki ofisini na hilo neno, inachoka. Kitu kinachochoka kinahesabika: kinachoka baada ya mara ngapi? Na programu yetu ya Java haikuwa ikituma kwiri kama nilivyoiendesha mimi. Yenyewe ilikuwa ikiiandaa mara moja na pengo la $1, kisha inajaza namba ya tawi kila ikiitwa. Nikaamua kuigiza vilevile, PREPARE ya kuiandaa, EXPLAIN ya kunionyesha mpango, yaani njia ambayo hifadhidata imechagua kutafutia jibu:

PREPARE baki(int) AS SELECT ...
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS) EXECUTE baki(17);

17 ndiyo Kariakoo. Mara ya kwanza: Hash Join (kuunganisha majedwali kwa mkupuo), sekunde 4. Ya pili, ya tatu, ya nne, hivyohivyo. Ya tano pia. Nikabonyeza mshale wa juu, nikagonga Enter, kishale cha kuandikia kikabaki kinapepesa. Feni ikakwaruza. Nikanywa ile chai ya baridi. Dakika 3 na ushei, ndipo mpango ukatokea, na macho yangu yakaganda kwenye mstari mmoja: Index Cond: (tawi_id = $1). Zile tano za mwanzo ziliandikwa tawi_id = 17. Hii ya sita ilikuwa na $1, yaani mpango umepangwa bila kujua ni tawi gani linaulizwa. Juu yake Nested Loop (kuunganisha mstari mmoja mmoja). Makadirio, mistari 8,000. Iliyopatikana kweli, zaidi ya milioni 1.1.

Hesabu ilikuwa mbele yangu muda wote. Risiti milioni 3.2, matawi na mawakala 400, wastani 8,000 kila mmoja. PostgreSQL hupanga upya mara tano za kwanza kwa kutumia thamani halisi. Baada ya hapo hulinganisha wastani wa gharama za mipango hiyo mitano na gharama ya mpango mmoja wa jumla, usiojua thamani. Kariakoo ilionekana ghali kwa sababu ni ghali kweli. Mpango wa jumla ulionekana rahisi kwa sababu ulidhani kila tawi ni duka la mtaani. Ukachaguliwa, na kwa kila risiti ukaenda kuchungulia indeksi ya jedwali la vitu, mara milioni moja na ushei. Takwimu mpya zisingesaidia. Wastani ni uleule.

Na kila muunganisho wa programu na hifadhidata una hesabu yake. Dereva ya JDBC, inayoiunganisha Java na hifadhidata, nayo husubiri hadi mara ya tano ndipo iiandae kwiri kwenye seva (prepareThreshold), kwa hiyo uchovu huanza karibu na mara ya kumi, muunganisho mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana jirani aliponea.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, maana tulikuwa kwenye toleo la 12 la PostgreSQL, ambalo ndilo lililoleta mpangilio wa plan_cache_mode, unaoweza kulazimisha mpango wa thamani halisi kila mara:

ALTER ROLE programu SET plan_cache_mode = 'force_custom_plan';

Gharama yake ni kupanga upya kila mara, kwetu milisekunde chache, si kitu kwa ripoti. (Kwiri fupi zinazoitwa maelfu kwa dakika msizifanyie hivi bila kupima.) Ila mpangilio huo hushika kwa miunganisho mipya tu. Kwa hiyo ili dawa ianze kufanya kazi, ilinibidi nifanye nini? Nikaizima programu, nikaiwasha.

Mama wa uhasibu sikumweleza. Nilimwambia tumerekebisha, akasema "Afadhali mtandao umetulia," nikaitikia.

Kijana nimemjibu aniletee namba ya toleo, na kama ni 14 au zaidi aangalie generic_plans na custom_plans (hesabu za mipango ya jumla na ya thamani halisi) kwenye pg_prepared_statements, ndani ya muunganisho uleule ulio mzito. Kuhusu kuzima na kuwasha sikumkaripia. Ule mstari wangu wa cron ulikaa miezi minne baada ya ripoti kupona.